Yule kunguru si picha ya kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nisahihishe jambo moja, na uniwie radhi nikiwa mrefu. Mimi ni mzee wa chapa. Miaka mingi nimetengeneza sura za watu wengine zitoke gazetini, mambo yangu mwenyewe sikuwahi kuyasema.

Wiki mbili zilizopita mlitoa picha ya kunguru aliyekufa kutoka kwenye maonyesho yanayoendelea Upanga, na chini yake mkaandika "mchoro wa kompyuta". Wiki iliyofuata msomaji mmoja wa Mbezi akaandika kwa hasira kwamba kunguru ni uchuro, kwamba mzoga si kitu cha kutundikwa ukutani watoto wa shule wakapitishwa mbele yake, na kwamba kama ni kompyuta basi hata mwanawe wa kidato cha pili angeweza. Sikuwa na nia ya kuingilia. Lakini hilo neno kompyuta lilinikaa kooni kama mwiba wa changu. Jumamosi nikamchukua mjukuu wangu wa darasa la sita, tukapanda daladala Buguruni mpaka Posta, tukaenda kwa miguu hadi Upanga kumwona huyo kunguru kwa macho yetu.

Si kompyuta. Ni zinki na tindikali. Nilijua hata kabla sijavaa miwani.

Nimejuaje? Kuanzia mwaka 1971 hadi ofseti, ule uchapaji usiohitaji bloku, ilipotufuta kazi, nilikuwa fundi wa bloku, yaani mabamba ya kupigia picha gazetini, katika kiwanda kimoja cha chapa Barabara ya Pugu, ambayo ninyi vijana mnaiita Nyerere. Wakati ule picha ya gazeti haikuingia mtamboni hivi hivi. Ilipigwa upya kupitia kioo chenye mistari 65 kwa inchi, ikavunjika kuwa nukta, nukta zikahamishiwa kwenye bamba la zinki, bamba likatiwa tindikali. Penye kinga pakabaki juu, pasipo kinga pakaliwa. Ndivyo tulivyokuwa tukisema chumbani mle: "imekula", "haijala", "wewe, imekula mpaka kwenye jicho la waziri!" Ili tindikali isile ubavuni mwa nukta na kuziangusha, tulipaka unga mwekundu wa utomvu, tukaupasha moto, ukayeyuka ukashika. Waingereza waliotuachia kazi ile waliuita damu ya joka. Mzee mmoja Mshihiri aliyekuwa akiuza dawa Kariakoo nilimpelekea kidogo kwenye karatasi, akaunusa, akasema kwao ni damu ya ndugu wawili, wanafungia majeraha. Glovu tulikuwa nazo jozi mbili kwa watu sita. Miaka yote hiyo vidole vyangu vilikuwa vya manjano, hata kwenye karamu nikila pilau watu walidhani sijanawa.

Na bloku nyingi zilizopita mikononi mwangu zilikuwa za tanzia. Nasema hili kwa sababu mwandishi wa Mbezi anaona picha ya kiumbe aliyekufa ni jambo geni lililoletwa na vijana. Gazeti lako, ndugu Mhariri, limekuwa likitoa picha za marehemu tangu mimi nina nywele. Tofauti ni kwamba sisi huwaonyesha wakiwa hai: amevaa suti ya harusi, ametazama mbele, kama kwamba hajafa. Mwaka 1979 nilitengeneza bloku ya mama yangu. Ninayo hadi leo, iko kwenye kopo la biskuti pamoja na hati za nyumba. Mama alikuwa na kipini puani, upande wa kushoto. Kwenye bloku kipini kiko kulia, maana bamba hukaa kinyume na karatasi. Kila nikiitoa namwona mtu anayefanana na mama, si mama. Ili nimwone mwenyewe lazima nitie wino nipige karatasi.

Basi ndiyo macho niliyokwenda nayo Upanga.

Picha yenyewe si kubwa, inaingia kwenye sinia ya chai. Kunguru mmoja amelala ubavu katikati ya karatasi, kichwa kimeinama kidogo, bawa moja limefunguka kwa uzito wake lenyewe kama mlango ulioachiwa. Mguu mmoja unaonekana, vidole vimejikunja vimeshika hewa. Hakuna damu. Hakuna meza, hakuna ardhi, hakuna chochote kinachosema yuko wapi, isipokuwa kivuli chini yake. Kivuli hicho ndicho kinachomweka chini. Ukikifunika kwa kiganja, na mimi nilijaribu kwa mbali jicho moja nimelifumba, kunguru anaanza kuelea. Ukikiachia, anadondoka tena.

Mjukuu wangu alimtazama kitambo akasema, "Babu, kama anasikia baridi."

Mchoraji ni binti wa miaka kama thelathini, alikuwepo, akaja kutuamkia. Nikamwambia, "Mwanangu, hili bawa hukulichora." Akacheka. "Sikulichora, mzee. Nimelilaza." Nikamwomba anieleze taratibu, akanieleza. Bamba unalipaka nta laini, iliyopikwa kwa nta ya nyuki, lami na shahamu ya ng'ombe ili isigande kabisa. Kisha unachukua bawa lenyewe unalilaza juu ya nta, unafunika karatasi, unalibana kwenye mtambo polepole. Ukilibandua, kila kijiti cha unyoya kimeondoka na nta yake. Pale nta ilipoondoka ndipo tindikali itapokula. Kwa hiyo mistari ile myembamba ya bawa, ambayo mwandishi wa Mbezi anadhani mtoto angeibonyeza kwa kidole kwenye kioo cha simu, haikubuniwa na mtu. Ni kunguru mwenyewe ameigusa zinki. Kilichobaki, yaani kichwa, mguu na kifua, amekichora kwa sindano huku ndege yuko mbele yake mezani, jambo ambalo anasema lilimpa siku moja na nusu tu kabla harufu haijamshinda. Mdomo, akaniambia, aliufuta mara tatu.

Nikamuuliza swali la fundi: povu anafanyaje? Maana zinki ikiingia tindikali inatoa viputo, na kiputo kikikaa mahali, pale hapaliwi, panabaki doa. Sisi tulikuwa na burashi. Akasema, "Nasukuma kwa unyoya." Ndivyo wachoraji wa kazi hii wanavyofanya tangu zamani, unyoya ni laini haukwaruzi nta. Nikamuuliza unyoya wa kuku? Akatikisa kichwa. "Wa kwake."

Hapo nilinyamaza kidogo.

Sasa nije kwenye kivuli, maana hapo ndipo ufundi ulipo na hapo ndipo picha yenu gazetini ilipomdhulumu. Mistari inaweza kutoa unyoya, lakini haiwezi kutoa giza la taratibu, lile linaloanza kijivu na kuishia usiku. Kwa hilo anachukua ulimbo mkavu, ule wa kununua, anausaga uwe vumbi, anaufunga kwenye soksi ya nailoni na kuupukuta juu ya bamba kama mama anayepukuta unga wa ngano juu ya kibao. Halafu anapitisha bamba juu ya jiko la mkaa mpaka chembe zishike. Kila chembe inakuwa kofia ndogo. Tindikali inakula kuizunguka. Wakati wa kuchovya anaanza na sekunde chache, anatoa, anapaka vanishi sehemu anayotaka ibaki kijivu, anarudisha. Anatoa, anapaka, anarudisha. Shingo ya kunguru huyu, ambayo mnajua si nyeusi bali kijivu kama majivu ya kuni, ilikaa kwenye tindikali sekunde 15. Giza la chini ya bawa lilikaa dakika 12. Nikamwambia basi kivuli chako kina saa ndani yake. Akasema hajawahi kukiwaza hivyo, na nadhani alikuwa ananiheshimu tu.

Lakini kuna kitu kingine ambacho kilinisumbua njiani kurudi, na mpaka leo kinanisumbua. Katika bloku zetu za gazeti wino ulikaa juu, kwenye kile kilichobaki. Palipoliwa palitoka peupe. Kwa huyu binti ni kinyume: anapaka wino bamba zima, anaufuta kwa kitambaa cha wavu mpaka juu pang'ae, na wino unabaki mashimoni tu. Kisha karatasi iliyoloweshwa inabanwa kwa nguvu mpaka inaingia humo mashimoni kuufuata. Kwa hiyo palipoliwa zaidi ndipo peusi zaidi. Kile kivuli kizito chini ya kunguru, ukikitazama kwenye bamba, ni mahali ambapo zinki haipo. Miaka yote niliyofanya kazi ya tindikali, ilikula na mimi nikatupa maji. Sikujua kwamba lile shimo lingeweza kuwa picha.

Ukiinama ukatazama karatasi ubavuni, wino umesimama. Unaweza karibu kuupapasa. (Usiupapase, kuna mlinzi.) Na pembeni kuna kishimo cha mstatili ambapo bamba lilibana karatasi, kama alama ya mtu aliyelala kwenye mkeka. Hiki ndicho ambacho kamera yenu haikuweza kukibeba, nikiri pia kwamba karatasi ya gazeti inanyonya wino, kivuli chochote kinageuka doa. Siwalaumu kwa hilo. Nawalaumu kwa maandishi.

Mwandishi wa Mbezi aliuliza kwa nini wachoraji wetu wasichore wanyama "wazuri kama wa Tingatinga". Mimi nampenda Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza 1968 kuchora kwa rangi za mafuta zinazong'aa, juu ya mbao za dari, na alipokufa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine, mwaka 1972, alikuwa amefungua njia ambayo nusu ya mji huu inakula kwayo hadi leo, pale Morogoro Stores Oysterbay na kwingineko. Lakini nenda kawatazame wanyama wale. Chui ana madoa, tembo ana macho, ndege ana manyoya mekundu na bluu, na karibu wote hawana kivuli. Hawakanyagi chini. Hawawezi kufa kwa sababu hawana uzito. Na ni sawa, ndivyo walivyokusudiwa, mtalii naye hanunui chui aliyekufa. Ila huwezi kumlaumu binti kwa kufanya kile ambacho Tingatinga hakukusudia.

Wala asidhani hii kazi ya tindikali imeingia jana na intaneti. Katika ile iliyokuwa Nyumba ya Sanaa, kule kwenye makutano ya Upanga ambapo Mwalimu Nyerere alikwenda kufungua jengo mwaka 1983, akina George Lilanga na Robino Ntila walichora kwenye mabamba ya chuma na kuyapiga chapa kwa mtambo wa mkono. Mashetani ya Lilanga, yenye masikio makubwa na miguu ya vidole viwili, watu wanayajua kwa rangi kali. Lakini yako pia kwa wino mweusi mtupu.

Mjukuu, kwa kuwa nilimsumbua na habari hizi njia nzima, alinitafutia kwenye simu picha ya Rembrandt, yule Mholanzi, ya mwaka 1650. Ni gamba la konokono wa baharini mwenye madoa. Mnyama kishakufa, limebaki ganda. Inasemekana ndiyo chapa pekee aliyoifanya ya kitu kisicho hai kimewekwa tu kitazamwe. Mambo mawili yalinifurahisha. La kwanza, alipopiga karatasi za mwanzo nyuma ya gamba palikuwa peupe, gamba linaning'inia hewani. Akarudi kwenye bamba lile lile akaongeza giza nyuma yake, na gamba likakaa. La pili, alikumbuka kuandika jina lake kinyume ili lisomeke sawasawa kwenye karatasi, lakini gamba alilichora kama alivyoliona. Kwa hiyo kwenye chapa limejizungusha upande ambao konokono wa aina ile hajizungushi. Fundi mkubwa vile, na kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza! Tungekuwa naye Barabara ya Pugu tungemkata siku.

Nikamuuliza binti kama yeye alikumbuka. Akasema kunguru alikuwa amelala mezani kwa ubavu wa kushoto, akamchora hivyo hivyo, hakujali. Maana yake kwenye karatasi amelala kwa ubavu wa kulia. Sikumwambia kitu, maana sijui dini yake na haikuwa kazi yangu kuuliza. Lakini sisi Waislamu tunajua maiti analazwa ubavu gani. Bamba lilimgeuza lenyewe.

Uchuro, basi. Mimi sitetei kunguru. Waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka, wakala taka, wakala mayai na makinda ya ndege wengine, wakavuka bahari wakatumalizia vifaranga. Wahenga walisema kunguru hafugiki, na ni kweli. Mji huu umewategea na umewapa sumu, na sumu yenyewe haiui papo hapo. Ndege anaila huku, anakwenda kufia kwingine. Kipindi kimoja nilikuwa nikiamka nakuta wawili watatu uani, chini ya mwembe. Nilifanya nini? Nilivaa mfuko wa rambo mkononi, enzi hizo haijapigwa marufuku, nikamshika mguu nimegeuza uso, nikaupindua mfuko, nikafunga, nikatupa. Kunguru kama arobaini nadhani nimewazika kwenye rambo. Kama ungeniuliza vidole vyao vilikaaje, au shingo ni rangi gani ukiitazama jua likiwa ubavuni, nisingekuwa na jibu. Nimejua Jumamosi, nikiwa na miaka sabini na kitu, kwamba kope ya kunguru aliyekufa inapanda kutoka chini.

Watoto wa shule waliokuwepo, kama thelathini, hawakulia wala hawakuota ndoto mbaya ninavyojua. Walibishana kama amegongwa au amelishwa sumu. Mmoja alitaka kujua jina lake.

Nina malalamiko yangu pia. Kwanza, kipande cha maelezo ukutani kimeandikwa kwa Kiingereza peke yake, Dar es Salaam, mwaka huu! Andikeni "chapa ya tindikali", kila fundi wa Gerezani ataelewa. Hata nakala ya cheti tunaiita nakala kivuli, sijui kwa nini tuogope maneno yetu yakifika ukutani. Pili, kona ya chini kulia tindikali ilipenya kwenye vanishi ikala isipotakiwa, pana madoadoa kama upele. Sisi tungelitupa lile bamba. Binti ameliacha, anasema analipenda. Nilimwambia sikubaliani naye, na bado sikubaliani. Tatu, bei. Sitaitaja, lakini msomaji ajue kwamba zipo karatasi 12 tu, zimeandikwa kwa penseli chini, ya ukutani ni ya 3. Zinki ni laini. Kila ukibana, vile vilima vidogo vya ulimbo vinalala kidogo, na kivuli kinapauka. Aliniambia karatasi ya 12 tayari giza la chini ya bawa limeanza kuwa la kijivu, na akishaiuza atalikwaruza bamba msalaba kutoka pembe hadi pembe lisipigwe tena. Nilimwomba siku hiyo aniite.

Ninachoomba kwako, ndugu Mhariri, ni mstari mmoja wa masahihisho. Na kwa mwandishi wa Mbezi, ambaye naona ni mtu mwenye macho ingawa ameyatumia kwenye karatasi ya gazeti: maonyesho yapo hadi mwisho wa mwezi. Nenda asubuhi kabla ya saa tano, baada ya hapo jua la dirishani linapiga kioo unajiona mwenyewe. Simama kushoto kwa picha, hatua moja tu, uiname mpaka jicho likaribie usawa wa karatasi. Mlinzi atakuuliza umedondosha nini. Mwambie unatafuta miwani, mimi ndivyo nilivyomwambia, akanisaidia kutafuta.

Wasalaam,

Fundi bloku mstaafu,
Buguruni, Dar es Salaam